Barua Imefungwa, Lakini Ufunguo Uko kwa Nani?



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limetufikia kutoka vikundi zaidi ya kimoja. Kwa ufupi linasema hivi: siku hizi kila kitu kinapita kwa imeli. Majibu ya hospitali, karatasi za masomo ya watoto, orodha ya memba wa likelemba, ripoti tunazowatumia wale wanaotusaidia. Je, ni nani mwingine anayeweza kusoma barua hizo? Na ile kufuli ndogo inayoonekana juu ya kioo cha simu, inalinda nini hasa?

Ni ulizo zuri, wala si la mafundi wa kompyuta peke yao. Mama anayeandika kwa imeli kwamba fulani anakunywa dawa za virusi vya UKIMWI, au kwamba binti fulani alitendewa jeuri na sasa anatunzwa mahali fulani, ameshika maisha ya mtu mikononi mwake. Kwetu sisi, jina moja likitoka nje linaweza kuleta aibu, kufukuzwa nyumbani, hata hatari ya kupoteza uhai. Kwa hiyo tulizungumze jambo hili polepole, na tulielewe.

Barua bila bahasha

Wengi wetu tumekwisha kutuma barua kwa mkono wa msafiri. Unampa dereva, au mtu anayepanda mashua ya kutoka Bukavu kwenda Goma, naye anamfikishia ndugu yako. Kama umekunja karatasi tu, kila mkono unaoipokea unaweza kuikunjua, kuisoma na kuikunja tena, na wewe hutajua kamwe. Kama umeitia ndani ya bahasha na kuibandika, anayetaka kuisoma atalazimika kupasua, na ndugu yako ataona.

Imeli ilianza kama karatasi isiyo na bahasha. Mwaka 1971 Mmarekani mmoja, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza ya namna hiyo kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Ndiye pia aliyechagua ile alama ya @ tunayoiandika mpaka leo. Mwaka 1982 zikaandikwa kanuni za jinsi kompyuta zinavyopelekeana barua, na kanuni hizo bado ni msingi wa imeli ya sasa. Wakati ule waliotumia mtandao walikuwa wachache, na wengi walikuwa watu wa vyuo vikuu na wa serikali. Hawakuona haja ya bahasha. Barua ilipita wazi, na kila kompyuta iliyoipokea njiani iliweza kuisoma.

Upande wa Kisangani, wazee wa mtoni walikuwa na ngoma ya mti inayosema, lokole. Habari ya msiba au ya mkutano ilitoka kijiji hadi kijiji, na kila aliyejua lugha ya ngoma aliisikia. Kwa habari ya watu wote, hiyo ni njia nzuri sana. Lakini ngoma si mahali pa kusemea ugonjwa wa ndugu yako. Imeli ya kwanza ilikuwa na tabia ya ngoma, ila watu waliichukua kama barua.

Kusimba ni kufanya nini?

Bahasha ya imeli inaitwa kusimba maandishi. Kwenye simu zetu zilizo katika Kifaransa mtaona neno chiffrement. Maana yake ni kuyageuza maneno kwa hesabu fulani ili asiye na ufunguo aone herufi zisizo na maana.

Jaribuni na watoto nyumbani. Kila herufi muibadilishe na ile inayoifuata katika alfabeti. MAMA itakuwa NBNB. DAWA itakuwa EBXB. Mwenye kujua siri anarudi nyuma herufi moja moja na kusoma. Julius Caesar, mtawala wa Roma ya kale, alitumia njia kama hiyo, ila yeye aliruka herufi tatu. Leo mtoto wa shule anaweza kuivunja siri hiyo kwa dakika chache. Hesabu za kompyuta za sasa ni ngumu kuliko hiyo mara nyingi mno: hata mashine yenye nguvu ikijaribu funguo moja baada ya nyingine, maisha yetu yote yatapita kabla haijamaliza.

Zamani kulikuwa na shida moja. Ili ndugu yangu afungue barua yangu, ni lazima kwanza nimpe ufunguo. Nitampaje bila mtu wa njiani kuuona? Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walitangaza njia ya kutoka hapo. Fikirini mama muuza vitenge mwenye kufuli nyingi za namna moja, zote zinafunguliwa na ufunguo mmoja tu alioufunga kwenye nguo yake. Anawagawia wateja kufuli zikiwa wazi. Mteja anayetaka kumtumia feza anaitia ndani ya sanduku, anabana kufuli, analituma. Baada ya kubana, hata mteja mwenyewe hawezi kulifungua tena. Ni yule mama peke yake, sababu ufunguo haukutoka kamwe kiunoni mwake. Hivyo ndivyo kompyuta zinavyofanya: kufuli inagawiwa kwa wote, ufunguo unabaki kwa mwenyewe.

Kufuli ya njia

Sasa tufike kwenye imeli zetu. Barua yako haiendi moja kwa moja kwa unayemwandikia. Inatoka katika simu yako, inafika katika kompyuta kubwa za kampuni uliyofungua imeli kwake. Kutoka hapo inakwenda kwa kampuni ya yule unayemwandikia, ndipo inashuka katika simu yake. Ni safari ya vipande vitatu.

Kufuli ndogo inayoonekana juu ya kioo, pale unapofungua imeli kwa njia ya intaneti, inalinda kipande cha kwanza. Inasema kwamba kati ya simu yako na kampuni hiyo njia imefungwa. Mtu anayetumia wifi moja na wewe kwenye siberi au katika hoteli hawezi kusoma yanayopita. Kwa Gmail, njia hiyo imekuwa ikifungwa yenyewe tangu mwaka 2010.

Kipande cha kati, kati ya kampuni na kampuni, kilichelewa kufungwa. Mwaka 1999 kanuni iliandikwa ya kukifunga, lakini kwa kupatana: kama upande wa pili hauna kufuli, mara nyingi barua inapita wazi vilevile. Mwaka 2013 Edward Snowden alifunua kwamba idara ya ujasusi ya Marekani ilikuwa inakusanya mawasiliano ya watu wengi mno duniani, na tangu hapo makampuni yakaharakisha kufunga njia zao. Mwaka 2016 Gmail ilianza kuonyesha kufuli nyekundu iliyo wazi wakati unapomwandikia mtu ambaye kampuni yake haifungi njia. Mkiona alama hiyo, msitume jina la mgonjwa. Tafuteni njia nyingine.

Lakini hapa wengi wanadanganyika. Kufuli ya njia inalinda barua ikiwa safarini. Ikifika katika kompyuta za kampuni, kampuni inaweza kuifungua. Hata Google ilikuwa inapitisha mashine zake ndani ya barua za Gmail ili ichague matangazo ya kuwaonyesha watu, na ni mwaka 2017 ndipo ilipotangaza kwamba inaacha. Na kompyuta ya kampuni inahifadhi kopi ya barua miaka na miaka, mpaka uifute.

Tena, kufuli ya njia haisemi kwamba mwenye nyumba ni mtu mwaminifu. Mwongo naye anaweza kufungua ukurasa wenye kufuli nzuri na kukuomba neno lako la siri. Njia imefungwa, lakini inakupeleka kwa mwizi.

Kufuli ya barua yenyewe

Kuna kufuli nyingine yenye nguvu zaidi. Barua inafungwa ndani ya simu yako na kufunguliwa ndani ya simu ya yule unayemwandikia tu. Kampuni zilizo katikati zinabeba sanduku bila ufunguo. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu ya PGP ili mtu wa kawaida aweze kufunga imeli yake namna hiyo. Serikali ya nchi yake ilimchunguza karibu miaka mitatu, sababu sheria yao iliihesabu programu kali ya kusimba kama silaha isiyopaswa kutoka nchini. Mwaka 1996 uchunguzi ukaachwa bila kumshitaki. Hapo mnaona uzito wa jambo hili: bahasha ya mtu wa kawaida ilitajwa pamoja na bunduki.

PGP ni ngumu kwa mtu asiyezoea. Leo kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo bila wewe kuhangaika. Proton Mail, iliyoanza mwaka 2014 huko Geneva nchini Uswisi, ina imeli ya bure. Barua kati ya watu wawili wenye Proton inafungwa yenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Lakini mwenye Proton akimwandikia mwenye Gmail barua ya kawaida, kufuli hiyo haipo, mpaka aweke neno la siri juu ya barua hiyo. Kwa hiyo kikundi na biro kinachokisaidia wapatane kutumia njia moja.

WhatsApp nayo inafunga ujumbe namna hiyo tangu mwaka 2016. Ndiyo maana ya yale maneno ya Kifaransa mnayoyaona mwanzo wa mazungumzo, chiffrés de bout en bout. Ila kopi ya mazungumzo inayohifadhiwa nje ya simu haifungwi hivyo mpaka uchague mwenyewe katika mipangilio.

Kufuli hii ina mambo mawili ya kujua kabla ya kuitumia. La kwanza: inafunga yaliyo ndani ya barua, haifungi kilicho juu ya bahasha. Majina ya anayeandika na anayepokea, saa, na mara nyingi hata kichwa cha barua, vinabaki wazi. Mama akiandika kama kichwa "Majibu ya UKIMWI ya jirani yetu" kisha akafunga barua kwa kufuli ya chuma, amekwisha kusema yote. Andikeni "Habari za juma" na kuacha mengine ndani.

La pili: ukipoteza neno la siri, na hukutayarisha njia ya kurudia, kampuni haiwezi kukufungulia barua zako za zamani. Haina ufunguo. Hiyo ni bei ya siri ya kweli, na kikundi kipange mapema ni nani anayetunza neno hilo kwenye karatasi, na ndani ya kabati gani.

Kufuli ya nyumba

Tumefika mahali tunapotaka kukazia kuliko pote. Hesabu zote hizo, za miaka na miaka, zinaishia kwenye simu iliyo juu ya meza yako. Barua ikifika, inafunguliwa ili uisome. Mwenye kushika simu naye anaisoma.

Tujiulize kwa ukweli. Imeli ya mama wengi ilifunguliwa na nani? Ni kijana wa duka la simu, siku ile ya kununua. Ndiye aliyechagua neno la siri, na pengine aliliandika ndani ya daftari lake pamoja na ya wateja wengine. Wengine imeli yao imefungwa kwa namba ya simu ya shemeji. Wengine walisoma barua kwenye siberi wakaondoka bila kutoka kwenye imeli, na mtu aliyekaa nyuma yao akaikuta wazi. Wengine wana simu moja ya nyumba nzima, bila neno la kuifungua. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuvunja hesabu yoyote. Anaingia kwa mlango.

Hatusemi kwamba kijana wa duka ni mwizi. Wengi ni watoto wetu na wanatusaidia vizuri. Lakini huwezi kumwachia fundi wa mlango ufunguo wa nyumba yako hata kama ni mtu mwema. Ukisha kulipa kazi yake, badilisha kitasa.

Kwa hiyo, dada zetu, juma hili tufanye mambo haya:

Kwanza, badilisha neno la siri wewe mwenyewe, kama mwingine ndiye aliyelichagua. Neno refu ni bora kuliko neno gumu. Maneno manne yasiyohusiana, ambayo wewe unayakumbuka, yanatosha: usitumie jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa.

Pili, angalia namba ya simu iliyowekwa kwa kurudishia imeli. Iwe yako, na iwe inafanya kazi. Namba isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine, naye ndiye atakayepokea ujumbe wa kufungua imeli yako.

Tatu, washa uhakikisho wa hatua mbili, ule unaoomba namba za siri kila unapoingia kwenye simu mpya. Namba hizo usimwambie mtu yeyote, hata akisema anatoka kwenye kampuni.

Nne, weka neno la kufungua simu. Kama simu ni ya nyumba nzima, usiache imeli ya kikundi ikiwa wazi humo.

Tano, ukitumia kompyuta ya siberi, toka kwenye imeli kabla ya kuinuka, na ufute karatasi ulizozishusha.

Na kwa makatibu wa vikundi: orodha ya wamama wanaotunzwa isiandikwe kwa majina. Mpeni kila mmoja alama, kama M1, M2, M3, na kitabu chenye majina kibaki ndani ya kabati yenye ufunguo. Ripoti iende na alama tu. Ikiwa ni lazima kutuma majina, fungeni karatasi yenyewe kwa neno la siri kabla ya kuituma, na neno hilo mliseme kwa sauti kwenye simu. Neno la siri lisisafiri ndani ya imeli ileile. Hakuna anayefunga ufunguo juu ya sanduku.

"Mimi sina cha kuficha"

Tunasikia neno hili mara nyingi, hata kutoka kwa wamama wenye hekima. Lakini kuoga si dhambi, na bado tunafunga mlango. Kuzungumza na binti yako juu ya siku zake za mwezi si kosa, na bado hamzungumzi katikati ya soko. Siri na uongo si kitu kimoja.

Tena, barua iliyo ndani ya imeli yako si yako peke yako. Ina jina la jirani, hesabu ya feza ya memba wenzako, ugonjwa wa mtoto wa dada yako. Wewe unaweza kukubali yako yajulikane. Ya mwenzako hukupewa ruhusa.

Na sheria ya nchi iko upande wetu. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inasema kwamba kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, na siri ya barua zake na ya mawasiliano yake ya kila namna. Haki hiyo inaweza kuguswa tu pale sheria inaporuhusu. Tangu mwaka 2023 kuna pia sheria ya mambo ya kidijitali inayogusa ulinzi wa habari za watu. Mtu akisambaza barua yako, usiambiwe kwamba ni mambo ya wamama tu. Ni mambo ya Katiba.

Kwa mkutano wa kikundi

Mkikutana, someni sehemu hii pamoja na kujibu kwa sauti:

Neno la siri la imeli ya kikundi chetu, ni watu wangapi wanalijua leo? Je, kuna aliyeondoka katika kikundi na bado analijua?

Katika barua tulizotuma mwezi uliopita, kuna jina la mama ambaye hakuulizwa? Barua hizo zingali ndani ya imeli yetu, au tumezifuta?

Anayetusaidia huko mjini, yeye anazifunga barua zetu namna gani? Tuna haki ya kumuuliza, na biro lenye heshima litatujibu.

Mama kijana anayejua simu vizuri, akae na mama mzee mmoja mpaka neno la siri libadilishwe. Lakini wakati mama mzee anapoliandika, kijana ageuze uso. Hata hilo ni fundisho.

Sisi wanawake tumebeba siri za familia tangu zamani, bila kompyuta. Tunajua mtu wa kuambiwa na mtu wa kunyamaziwa. Mafundi wametupa kufuli nzuri na nyingi ni za bure. Kutunza ufunguo ni kazi tunayoijua.

Majibu na maulizo yenu yaleteni kwa mwakilishi wa kikundi chenu. Mkae salama, na Mungu awalindie nyumba zenu.